Ni Nani Amleaye Mlezi? Fungamano la Utotoni katika Maandishi ya Mara na Ukerewe

I

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Methali hii hutamkwa mara nyingi mno, na pengine kwa sababu hiyo haichunguzwi. Ndani yake mna hukumu nzito: damu peke yake haimfanyi mtu kuwa mzazi, bali matendo madogo ya kila siku, ya kubeba, kunyonyesha, kuogesha, kubembeleza na kumwitikia mtoto aliapo usiku. Methali ya pili husema mkono mmoja haulei mwana. Ya tatu husema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mwenye kuzitia methali hizi tatu katika mizani moja ataona kwamba hazipatani sana. Ya pili huigawa kazi kwa mikono mingi. Lakini ya tatu, lawama inapofika, humrudia mtu mmoja tu, naye ni mama. Kazi ni ya ukoo mzima, aibu ni ya mwanamke mmoja.

Mgongano huo wa methali ndio mwanzo wa swali kubwa. Je, yale yampatayo mtoto mchanga mikononi mwa mlezi wake yana nguvu ya kuamua namna atakavyopenda, atakavyoamini na atakavyogombana na watu ukubwani? Swali hili lina elimu yake, na sehemu ya mizizi ya elimu hiyo ilichipuka Afrika Mashariki. Lina pia fasihi yake. Msafiri atokaye Musoma, akapita Butiama na Bunda, kisha akashika njia ya Kisorya hata kivukoni, na kuvuka hadi Rugezi katika kisiwa cha Ukerewe, atakuwa amepita katika nchi iliyozaa maandishi matatu yahusuyo jambo hili: insha ya mwanasiasa wa Butiama, na riwaya mbili za Waukerewe. Ukerewe ni ya mkoa wa Mwanza, lakini ziwa halikutenga watu hawa kama ramani ilivyowatenga. Wajita wako pande zote mbili za maji, na ndoa na biashara zimevuka kivukoni hapo kwa miaka mingi. Si kosa, basi, kuyasoma maandishi hayo matatu pamoja.

Yakisomwa hivyo, hutoa neno moja ambalo wataalamu walilikaribia bila kulisema kwa nguvu ya kutosha, nalo ni hili: fungamano la mtoto na mlezi si jambo la watu wawili tu. Nyuma ya kila mlezi yupo, au hayupo, mtu wa kumlea yeye naye.

II

Kwanza yafaa kueleza elimu yenyewe. Mwaka 1951 daktari Mwingereza, John Bowlby, aliliandikia Shirika la Afya Duniani taarifa juu ya watoto waliotengwa na wazazi wao. Alishikilia kwamba mtoto mchanga huhitaji fungamano la joto na la kudumu na mama yake, au na mtu ashikaye mahali pa mama daima, na kwamba haja hiyo ni kubwa kwa nafsi kama haja ya chakula bora ilivyo kwa mwili. Wasomaji wengi walilishika neno “mama” wakalisahau neno “au”.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyekuwa amefanya kazi pamoja na Bowlby huko London, alifika Kampala na kupata nafasi katika taasisi ya utafiti wa jamii ya Afrika Mashariki iliyokuwa Makerere. Kwa muda wa miezi kama tisa, hata mwaka 1955, aliwatembelea nyumbani mwao akina mama 26 wa Kiganda wenye watoto wachanga 28, akiwa na mkalimani. Alikuwa amesikia kwamba desturi ya Waganda ni kumwachisha mtoto ziwa kwa kumpeleka kwa bibi yake, akataka kuona kutengana huko kunamfanya nini mtoto. Alikuta desturi hiyo imekwisha kuachwa na wengi. Basi ikambidi atazame jambo jingine, nalo likawa kubwa kuliko lile alilolifuata.

Aliona kwamba mtoto atambaaye huondoka kwa mama, akaenda kutazama na kugusa vitu, kisha akarudi, au akageuka tu kuhakikisha kwamba mama yupo, halafu akaenda tena. Mama alikuwa kituo cha kutokea na cha kurejea. Mvuvi wa Musoma angelielewa jambo hilo bila kitabu: mtumbwi huthubutu kwenda mbali kwa sababu mwalo upo. Mtoto asiyekuwa na hakika ya mwalo wake hang’oi nanga. Hulia na kung’ang’ania, au huzoea kutotazama nyuma kabisa.

Kati ya watoto wale 28, Ainsworth aliwahesabu 16 kuwa wenye fungamano la utulivu, 7 wenye fungamano la wasiwasi, na 5 ambao fungamano lao lilikuwa halijaonekana bado. Kitabu chake, Infancy in Uganda, kilitoka mwaka 1967. Katika hicho liko jambo lipaswalo kukumbukwa na kila msomaji wa Afrika Mashariki: kuwapo kwa walezi wengi hakukuonekana kumwondolea mtoto utulivu. Kilichoandamana na utulivu wake kilikuwa ni hali ya mama mwenyewe: mama aliyeweza kueleza habari za mtoto wake kwa undani, na mama aliyefurahia kunyonyesha. Yaani mama ambaye moyo wake ulikuwa na nafasi.

Kuna nyongeza itokayo karibu zaidi na Mara. Wagusii wa Kenya ni jirani wa Wakurya na lugha zao ni ndugu. Robert LeVine na wenzake walikaa kwao katika miaka ya 1974 hadi 1976, na mwaka 1994 wakatoa kitabu kiitwacho Child Care and Culture. Waliwaona akina mama wasiozungumza sana na mtoto mchanga wala kumkazia macho, kama wafanyavyo akina mama wa Marekani, lakini waliokuwa wepesi kumtuliza mara tu aliapo. Waliona pia jinsi mtoto wa kike aliye mkubwa kidogo anavyopewa mdogo wake kumbeba. Mtoto huyo mbebaji huitwa omoreri, na neno hilo ni ndugu wa neno la Kiswahili mlezi. Mzizi ni uleule. Funzo ni kwamba mapendo yana sura nyingi, na asiyeiona sura aliyoizoea asiseme hayapo.

Lapasa pia kusemwa kwamba elimu hii haifundishi ajali iliyokwisha kuandikwa. Uchunguzi wa miaka ya baadaye umeonyesha kwamba fungamano la kwanza humwelekeza mtu, halimfungi. Mtoto aliyeanza vibaya aweza kupata shangazi, mwalimu au mwenzi wa ndoa akamtengenezea upya imani yake kwa watu. Na aliyeanza vizuri aweza kuvunjwa baadaye. Samaki hukunjwa angali mbichi, ni kweli, lakini mwanadamu si samaki.

III

Sasa Butiama. Hapo, Aprili 1922, alizaliwa Julius Kambarage Nyerere. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki na mwenye wake 22. Mama yake, Mugaya wa Nyang’ombe, alikuwa mke wa tano. Habari za utoto huo zimekusanywa na Thomas Molony katika Nyerere: The Early Years, kilichotoka mwaka 2014, na zimepewa nafasi pia katika wasifu mkubwa wa vitabu vitatu, Development as Rebellion, ulioandikwa na Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng’wanza Kamata na kutolewa mwaka 2020.

Katika habari hizo kuna tone dogo lenye maana kwa somo hili. Mtoto alipozaliwa aliitwa Mugendi, yaani mwendaji. Muda si mrefu, kwa ushauri wa mganga mwaguzi, jina hilo lilibadilishwa akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa kike wa mvua. Asomaye upesi ataliona hili kuwa desturi ya kale na kulipita. Asomaye polepole ataona watu wazima waliomkalia mtoto mchanga shauri, wakamtazama, wakadhani kuna neno asemalo ambalo hawajalisikia, wakambadilishia jina ili walisikie. Huko nako ni kumwitikia mtoto.

Kambarage alikulia katika boma la baba mwenye nyumba nyingi, lakini kila mke alikuwa na nyumba yake, na nyumba ya Mugaya ndiyo iliyokuwa ya mtoto huyu. Palikuwa na mikono mingi na moto mmoja. Alichunga mbuzi, akalima, na hakwenda shule hata mwaka 1934, alipoingia shule ya Mwisenge mjini Musoma, akiwa na umri wa miaka 12. Husimuliwa kwamba Mtemi Makongoro wa Ikizu, nchi iliyo katika Bunda ya leo, ndiye aliyeiona akili ya kijana huyo na kumshauri baba yake ampeleke. Tarehe hiyo yafaa kuwekwa akiba, maana itahitajiwa mwishoni: miaka 12 nyumbani kwa mama kwanza, kisha bweni.

Miaka 28 baada ya kuingia Mwisenge, Aprili 1962, Nyerere alitoa insha yake ya Ujamaa. Hoja yake yajulikana: usoshalisti wa Kiafrika ni tabia ya moyo, na msingi wake ni jamaa, yaani ukoo ambamo kila mtu alikuwa na hakika ya kutunzwa na kila mtu alikuwa na wajibu wa kufanya kazi. Aliinukuu methali ya mgeni kupewa jembe siku ya tatu. Akataka ujamaa huo wa nyumbani upanuliwe uvuke kabila, uwe wa taifa, hata wa bara zima na kupita hapo.

Kwa uzito wake wote, insha hiyo ina pengo. Yasema tabia ya moyo ndiyo msingi, lakini haielezi tabia hiyo huingiaje moyoni. Jamaa iliyomo ndani yake ni jamaa ya watu wazima: mfanya kazi, mzee aliyekwisha kufanya kazi, mgeni, tajiri, mvivu. Mtoto mchanga hapewi usimulizi wake, wala mgongo umbebao. Mtu hafundishwi kwa hotuba kuamini kwamba akianguka atainuliwa. Imani hiyo, ikiwa ipo, hujengwa kabla ya maneno, pale alipolia akaitikiwa. Kama ujamaa ni tabia ya moyo, basi chuo chake cha kwanza ni mbeleko, na insha haikufika huko.

Mwandishi mwenyewe alilikaribia pengo hilo miaka mitano baadaye. Katika Ujamaa Vijijini, waraka wa mwaka 1967, alikiri kwamba jamii ya zamani haikuwa bila kasoro, na kasoro moja aliyoitaja ilikuwa hali ya wanawake, waliofanya kazi kupita sehemu yao ya haki. Hapo nusu ya jibu ilikuwa mkononi mwake. Kwa maana yule aliyelemewa na kazi kupita haki yake ndiye yuleyule aliyetazamiwa kumfundisha mtoto kwamba dunia ni mahali pa kutunzana. Lakini waraka ulikuwa wa mashamba na vijiji, ukaendelea na mashamba na vijiji.

Hapa wapo watakaotamani kuvuka mpaka na kusema kwamba siasa yote ya mtu huyu ilitoka katika nyumba ya mama yake. Watataja kwamba alipoacha urais mwaka 1985 alirudi kukaa Butiama, kwamba Mugaya aliishi hata mwaka 1997, na kwamba mwana naye alizikwa hapohapo Oktoba 1999. Mambo hayo ni kweli na yana uzuri wake. Lakini hayathibitishi kitu. Watoto wengine wa boma lilelile walilelewa na mikono ileile wakawa watu wengine. Mhakiki ana haki ya kuuliza insha imesahau nini. Hana haki ya kumfungua marehemu kifua.

IV

Aniceti Kitereza hakumsahau mtoto mchanga. Huyu alizaliwa mwaka 1896, akasomeshwa na wamisheni, akamaliza mwaka 1945 riwaya yake kubwa kwa Kikerewe, akakosa wa kuichapisha. Uzeeni aliifasiri yeye mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikatolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Alifariki mwaka 1981. Yeye na mkewe Anna hawakubahatika kubaki na mtoto hata mmoja. Jambo hilo halipaswi kutumiwa kama ufunguo wa kila mlango wa kitabu, lakini si rahisi kusoma kitabu hicho bila kulijua.

Wahakiki wengi wamekisifu kitabu kwa utajiri wa mila: kilimo, uvuvi, pombe, uganga, mahari, mazishi. Sifa hiyo ni ya haki, ila imekigeuza kitabu kuwa ghala. Wamepita juu ya umbo lake. Kama kitabu hiki ni habari za wazazi na watoto wawili, kama jina lake lisemavyo, mbona watoto wachelewa sana kuja? Msomaji hupita kurasa nyingi mno pamoja na mume na mke wasio na mtoto. Jamaa za Myombekere wamsimanga kwa kukaa na mke asiyezaa. Wazazi wa Bugonoka, wakiisha kusikia matusi hayo, wamchukua binti yao warudi naye nyumbani. Myombekere haoi mwingine. Aenda kwa wakwe, ajinyenyekeza, atozwa faini ya pombe ya ndizi, arudi kuifanyia kazi, na kumrejesha mkewe. Ndipo waendapo kwa mganga, na ndipo, baada ya subira ndefu, azaliwapo Ntulanalwo, na baadaye Bulihwali.

Ucheleweshaji huo si udhaifu wa mtunzi asiyejua kufupisha, kama ilivyopata kudhaniwa. Ndio hoja yake. Kabla hajamweka mtoto mikononi mwa Bugonoka, Kitereza ataka kwanza kuonyesha ni mikono ya namna gani. Mke huyu amekwisha kutukanwa, naye amekwisha kuteteewa. Ametengwa, na amefuatwa. Mumewe alipopewa nafasi na desturi ya kumwacha, hakumwacha. Na wazazi wake hawakumwambia avumilie matusi, bali walikuja kumchukua. Hivyo mtoto azaliwapo hazaliwi kwa mama mpweke. Azaliwa kwa mama ambaye ameonja kwa nafsi yake kile atakachotakiwa kumpa mtoto: hakika ya kwamba akiita ataitikiwa.

Tangu hapo uangalifu wa mtunzi juu ya uzazi, juu ya kumtunza mzazi na mtoto, na juu ya hofu ya maradhi, hupata maana nyingine. Si orodha ya mila. Ni picha ya duara mbili: mtoto katika duara ya mama, na mama katika duara ya mume, wazazi, majirani na waganga. Duara ya nje ikivunjika, ya ndani haisimami. Ntulanalwo na Bulihwali wakuapo, wao nao huoa na kuolewa, na kuishi na watu kwa namna ambayo msomaji huitambua, maana aliiona kwanza kwa wazazi wao. Kitereza hakumsoma Bowlby; alipomaliza mswada wake, taarifa ya 1951 ilikuwa haijaandikwa. Aliyajua mambo kwa kuishi nayo.

Lawama moja yamfaa. Jamii yake ni tulivu kupita kiasi. Tabu huja kutoka kwa ndimi za ndugu, kwa maradhi na kwa mauti, lakini ndani ya nyumba ya Myombekere mlezi halelewi vibaya. Mtunzi aliandika ili mila zisipotee, na mwenye kuhifadhi kitu huwa mgumu kuonyesha nyufa zake. Kazi hiyo aliifanya Mkerewe mwingine.

V

Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, akafariki mwaka 2020. Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971 ikaleta ghadhabu. Ilizuiwa shuleni kwa muda. Hadithi yake imeenea. Zakaria ni baba mlevi na mkali. Regina ni mama mvumilivu. Rosa ni binti yao mkubwa. Baba amkuta na barua ya kijana Charles na kumpiga vibaya. Rosa akua akiwaogopa wanaume, kisha, alipokwenda masomoni mbali na jicho la baba, aanguka mikononi mwao mmoja baada ya mwingine, na mwisho wake ni kujiua. Kitabu hufungwa kwa kesi mbele ya Mungu, ambamo swali ni kosa ni la nani.

Hukumu iliyozoeleka husema: baba alikuwa mkali mno, na binti aliyefungwa sana akakata kamba. Hukumu hiyo si uwongo, lakini ni nyepesi. Haielezi kwa nini Regina hakutosha. Hapana shaka kwamba Regina ampenda Rosa. Ahangaika kwa ajili ya karo na chakula, awasitiri watoto, na kuubeba mji mzima mabegani. Kwa kipimo cha methali ya tatu, huyu ni mama aliyefunza. Kwa nini basi ulimwengu umemfunza Rosa upya, na kwa ukatili huo?

Jibu limo katika jambo ambalo Kezilahabi hulionyesha bila kulihubiri. Regina mwenyewe hapigani na ulimwengu, apigwa nyumbani. Mwalo ambao Rosa angelirejea wapigwa na mawimbi yaleyale yampigayo yeye. Mtoto aonaye kwamba mlinzi wake halindwi hujifunza mambo mawili kwa pamoja: kwamba mapendo yapo, na kwamba mapendo hayana nguvu. Rosa akiwa mkubwa aishi kwa masomo hayo mawili. Atafuta mapendo, kwa kuwa ayajua. Hatazamii yamlinde, kwa kuwa hajapata kuona yakilinda. Mwanamume amtumiapo na kumwacha, Rosa hashangai sana, na kutoshangaa huko ndiko kunakotisha kuliko visa vyenyewe.

Ikisomwa hivyo, riwaya ya Kezilahabi ni jibu kwa ile ya Kitereza. Myombekere na Zakaria wote wawili ni waume wa Ukerewe, na kila mmoja, kwa jinsi amtendeavyo mke, ameandika sehemu ya maisha ya watoto wake. Tofauti haiko katika kujua mila au kuzisahau, wala katika kisiwa cha zamani na kisiwa cha sasa. Iko katika swali moja: mama aliapo, nani huitika?

Kasoro ya Rosa Mistika ni haraka yake. Visa vya chuoni na mjini hufuatana mbio, na utoto wa Rosa kabla ya barua ile hauonekani. Msomaji humpata binti akiwa amekwisha kuumbwa, akaachiwa kubuni ni nani aliyembeba na ni nani aliyemwimbia. Kitereza alikuwa na subira ya kuutazama utoto, akakosa ukali. Kezilahabi alikuwa na ukali, akakosa subira hiyo.

VI

Maandishi haya matatu, basi, hukamilishana. Insha ya Butiama hueleza mavuno, yaani watu wazima wenye kutunzana, bila kueleza mbegu. Riwaya ya Kitereza huonyesha mbegu ikipandwa katika udongo uliotunzwa. Riwaya ya Kezilahabi huonyesha mbegu nzuri katika udongo ukanyagwao. Na akina mama wale 26 wa Uganda walimfundisha mgeni wao jambo ambalo fasihi hii hulithibitisha: wingi wa mikono haumdhuru mtoto, bali uchovu na upweke wa mkono ulio wa kwanza.

Hili si jambo la wahakiki peke yao. Mwezi Machi 2023 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku bweni kwa watoto wa madarasa ya awali hadi darasa la nne. Yalisemwa mengi, na wazazi wengine walilalamika, maana si wote waliowapeleka watoto mbali kwa majivuno. Wengine walikuwa wafanya kazi wasio na wa kumwachia mtoto. Hapo ndipo inapofaa kuikumbuka tarehe ya Mwisenge. Mwana wa mtemi alilala bweni alipokuwa na miaka 12, baada ya kuwa na nyumba moja, moto mmoja na jina lililofikiriwa mara mbili. Mtoto wa miaka mitano hana akiba hiyo. Amri ya 2023 ilikuwa ya haki. Lakini amri imrudishayo mtoto nyumbani bila kuuliza nyumbani yuko nani ni methali ya tatu iliyovaa nguo za serikali.

Maana nyumbani, mara nyingi, yuko binti wa kazi. Watu humwita dada, naye huchukua jina la udugu bila haki za udugu. Yeye ndiye omoreri wa mjini: hubeba, hulisha, huitika usiku, naye pengine ni mtoto aliyetoka kwao juzi, hajui mwezi ujao atakuwa nyumba gani. Akiondoka, mtoto humlilia siku mbili tatu, na watu wazima husema atasahau. Fasihi ya Kiswahili imemwandika sana binti huyo kama mwenye kuonewa na matajiri. Haijamwandika bado kama fungamano la kwanza la maelfu ya watoto, wala kuuliza yeye alelewa na nani.

Wala huko Mara haijaandikwa riwaya itazamayo utoto kwa subira ya Kitereza na ukali wa Kezilahabi pamoja. Anayetaka kuiandika ana mahali pa kuanzia. Nyimbo za kubembeleza watoto katika Kizanaki, Kikwaya, Kijita na Kiikizu bado zimo vinywani mwa mabibi wa Butiama, Musoma na Bunda, na wengi wa mabibi hao leo wanalea tena, wajukuu walioachiwa na wazazi waliokwenda kutafuta kazi mijini. Mwenye kwenda kuzikusanya asibebe daftari tu. Akifika na kumkuta bibi ana mtoto mgongoni na jembe mkononi, ampokee kwanza kimojawapo.